Maonyesho ya Sayansi: Medali ya Nani, Swali la Nani?

Mwaka 1996, mtoto wa Kimarekani wa miaka tisa aitwaye Emily Rosa alitakiwa kuandaa mradi wa maonyesho ya sayansi ya darasa la nne. Wakati huo wauguzi wengi walikuwa wakitumia tiba ya kupitisha viganja juu ya mwili wa mgonjwa bila kumgusa, wakisema wanaihisi nishati inayomzunguka na kuirekebisha ili apone. Emily hakubishana nao. Alisimamisha kadibodi juu ya meza, akaitoboa matundu mawili chini, akawaomba wahudumu hao waipitishe mikono yao humo, viganja vikitazama juu. Yeye alikaa upande wa pili wasikoweza kumwona, akarusha sarafu ili imwamulie auweke mkono wake juu ya kiganja cha kulia au cha kushoto. Kisha akauliza: mkono wangu uko wapi?

Wahudumu 21 walijaribu, jumla ya mara 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Anayebahatisha tu angekaribia nusu. Mwaka 1998, Emily akiwa na miaka 11, matokeo hayo yakachapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani.

Ni kisa kitamu, na wanaoyatetea maonyesho ya wanafunzi hupenda kukisimulia. Mara nyingi huruka sehemu moja: mama yake Emily alikuwa muuguzi aliyekwisha kuitilia shaka tiba hiyo, na jina lake limo kwenye orodha ya waandishi wa makala ile. Je, tuseme basi mradi ulikuwa wa mama? Sidhani. Lakini hapo ndipo ubishi wote kuhusu maonyesho haya ulipojificha. Upande mmoja unasema ndiko wanasayansi wa kesho wanakopikwa. Upande wa pili unasema ni tamasha la mabango: mzazi anakesha na gundi na mkasi, mtoto anasimama kupigwa picha.

Nianze na hoja ya ajira, maana ndiyo inayovutia wafadhili. Mashindano ya kusaka vipaji vya sayansi yaliyoanza Marekani mwaka 1942 yamepitiwa na vijana wengi waliokuja kuwa na majina makubwa. Zaidi ya kumi walitunukiwa Tuzo ya Nobel baadaye. Miongoni mwao ni Sheldon Glashow, Roald Hoffmann na Frank Wilczek. Nchini Ayalandi, ambako maonyesho ya wanasayansi chipukizi yanafanyika tangu 1965, mshindi wa 2005 alikuwa Patrick Collison, aliyewasilisha lugha ya programu aliyoibuni mwenyewe. Miaka mitano baadaye yeye na mdogo wake walianzisha kampuni ya malipo ya mtandaoni, Stripe.

Orodha hiyo inapendeza, ila inathibitisha kidogo kuliko inavyoonekana. Jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Glashow alisoma darasa moja na Steven Weinberg katika shule ya sekondari ya sayansi ya Bronx, New York, inayochuja wanafunzi kwa mtihani wa kuingilia, na wawili hao wakaja kugawana Nobel ya fizikia ya 1979. Ukichukua vijana waliokwisha kuchujwa, wenye walimu hodari na wenzao wa kushindana nao kila siku, kisha ukawapa mashindano, utajuaje kilichowafikisha mbali ni mashindano? Huenda waliingia kwa sababu tayari walikuwa na moto ndani yao. Ili kujua mchango halisi wa maonyesho ingebidi tuwatazame pia maelfu walioshiriki wakarudi nyumbani mikono mitupu, na wale ambao hawakushiriki kabisa. Hao hakuna anayewaandikia makala.

Kwa hiyo hoja ya kwamba maonyesho huzaa wanasayansi naiweka kando. Haikosi ukweli, ila haipimiki kirahisi hivyo. Kinachoonekana kwa macho ni kile kinachotokea mezani, dakika kumi za mwanafunzi na jaji.

Chukua mradi ambao kila jaji ameukuta walau mara moja: maharage na muziki. Mwanafunzi amepanda maharage katika makopo mawili. Moja limepigiwa muziki saa mbili kila siku, la pili limeachwa kimya. Baada ya majuma matatu la muziki limerefuka zaidi. Bango limeandikwa vizuri, grafu ina rangi, hitimisho linasema muziki hukuza mimea. Jaji anauliza, "Makopo yalikaa wapi?" La muziki lilikuwa karibu na redio. Na redio? Juu ya meza, dirishani. Na lile la kimya? Kona ile nyingine, lisisikie muziki. Unaiona sura ya mwanafunzi inabadilika kabla jaji hajamaliza swali linalofuata. Katika sekunde hizo tano amejifunza kwamba ukitaka kujua kazi ya kitu kimoja, vingine vyote uviache vilevile, na kwamba kopo moja dhidi ya kopo moja si ushahidi. Somo hilo lipo katika kila kitabu cha sayansi, ukurasa wa mwanzo kabisa, na karibu kila mwanafunzi amelikariri bila kuligusa.

Hapo ndipo ninapoona thamani. Kwa kawaida darasani jaribio lina jibu linalojulikana. Matokeo yako yakitofautiana na kitabu, umekosea wewe. Katika mradi wa kweli hakuna wa kumnakili. Mwanafunzi anaandika daftari la kila siku, anagundua kipimo cha Jumanne hakilingani na cha Jumatatu, anaamua afanye nini. Anajifunza kumweleza mtu asiyemjua jambo gumu kwa maneno mepesi, na kutamka "hilo sikulipima" bila kuona aibu. Mwajiri wa mhandisi, wa mhasibu au wa muuguzi angefurahi kumpata mtu mwenye tabia hizo, hata kama hatagusa tena kopo la maharage maishani.

Sasa upande wa pili, na hapa sina haja ya kupunguza makali. Maonyesho yanayoishia kwenye medali hupima vitu vingi ambavyo si akili ya mtoto. Jack Andraka, kijana wa jimbo la Maryland aliyechukua zawadi kuu ya maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi mwaka 2012, yale yanayojulikana kwa kifupi kama ISEF, alisimulia kwamba aliwaandikia wataalamu wapatao 200 akiomba nafasi ya maabara, na mmoja tu, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ndiye aliyemkubalia. Ukiisoma kwa jicho la kwanza ni hadithi ya ukaidi mwema, na kijana anastahili pongezi zake. Ukiisoma tena unauliza: mwanafunzi mwenye ukaidi uleule, anayeishi mbali na maabara yoyote, angeandika barua 200 kwa nani? Mashindano yakifika ngazi ya juu, mradi wa kadibodi na sarafu unasimama meza moja na mradi uliofanyiwa kazi kwa mashine za chuo kikuu, na majaji, binadamu kama sisi, huvutwa na mashine.

Kuna pia madhara ya magazeti. Kijana akishinda, kesho yake ameshakuwa "aliyegundua dawa". Mwaka 1999 Sarah Flannery, msichana wa miaka 16, alishinda maonyesho ya Ayalandi kwa mfumo wa kuficha ujumbe kwa njia ya hisabati, ulioonekana kuwa na kasi kubwa kuliko mfumo maarufu wa RSA. Vyombo vya habari vikapagawa. Baadaye ikagundulika kwamba mfumo huo unaweza kuvunjwa, na Flannery mwenyewe akaongeza kiambatisho kwenye kazi yake akieleza jinsi unavyovunjwa. Mwaka huohuo akashinda mashindano ya wanasayansi chipukizi ya Ulaya. Kwangu mimi kile kiambatisho kina uzito kuliko tuzo zote mbili, lakini sijawahi kuona kichwa cha habari kinachokitaja.

Kulazimisha ndiko kunakoharibu zaidi. Shule inapoagiza kila mwanafunzi alete mradi tarehe fulani kwa alama, inapata ilichokiomba: volkano za siki na magadi, mifumo ya jua ya mipira iliyopakwa rangi, na data zilizopikwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mtoto anajifunza mapema kwamba namba zinaweza kutungwa ili zilingane na nadharia tete, na hakuna atakayeuliza. Hilo ni baya kuliko kutoshiriki kabisa. Anayesema "basi tuyafute" ana sababu.

Mimi sifiki huko. Kuna marekebisho yasiyohitaji fedha, na sehemu yake yameshafanywa mahali pengine. ISEF, kwa mfano, hudai miradi inayohusu watu, wanyama au vijidudu hatari ipitiwe na kuidhinishwa kabla haijaanza. Kijana anajifunza kuomba ridhaa kabla ya kujifunza kushinda. Jaji anaweza kuanza na daftari badala ya bango, maana daftari la majuma sita lenye madoa na mistari iliyokatwa ni gumu kughushi. Mradi ambao nadharia yake imeanguka unaweza kupewa alama sawa na uliofaulu, ilimradi mwenyewe anajua kwa nini umeanguka. Na mzazi? Aulizwe wazi amesaidia nini, iandikwe kwenye bango. Mama yake Emily aliandikwa, na hakuna kilichopungua.

Tena gharama si kisingizio. Mwaka 1997 Nathan Zohner, mwenye miaka 14, aliwapa wenzake 50 maelezo ya kweli kuhusu hatari za kemikali iitwayo "dihidrojeni monoksidi": hutia vyuma kutu, ukiivuta kwenye mapafu inaua, hukutwa ndani ya uvimbe wa saratani. Wenzake 43 walitaka ipigwe marufuku. Ni maji. Alichohitaji ni karatasi na watu wa kuwauliza.

Jambo moja bado linanisumbua, na sijaona maonyesho yaliyolitatua. Yule wa maharage, baada ya swali la dirisha, ndiyo kwanza amepata mradi. Sasa anajua afanye nini: makopo kumi huku, kumi kule, mwanga uleule, maji yaleyale. Lakini saa kumi jioni zawadi zinagawiwa, meza zinakunjwa, bango linaviringishwa, na makopo yote mawili yanaachwa karibu na pipa la taka.