Nilivyomla Kaka Yangu kwa Kijerumani

Mimi ni mvivu wa kuandika kadi, na uvivu wangu una bidii sana.

Nilikuwa nasoma Kijerumani jioni hapa Dar, ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa. Mwalimu, mama mmoja aliyeishi Ujerumani miaka mingi, alitaka kila mtu awe na kadi zake: neno mbele, maana nyuma. Wenzangu wakakata manila kwa mkasi. Mimi mchana nalipwa kuandika programu, nikaona mkasi ni dharau.

Nikatengeneza maktaba ya kodi (maagizo ya kompyuta, si kodi ya TRA, tulieni). Ukiipa anwani ya ukurasa wa wavuti, inachomoa maneno na maana zake na kuyamimina kwenye Anki, programu ya kukariri kadi: kadi ukiipatia, inakaa siku nyingi zaidi kabla ya kurudi. Niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikitumia Beautiful Soup, zana ya kuchambua kurasa za wavuti, ambayo pamoja na jina lake haina hata kongoro. Ukurasa wenyewe ulipangwa vizuri: orodha ya nomino, kila neno ndani ya tegi (alama ya ukurasa) ya dt, kila maana ndani ya dd. Nikakusanya dt zote kapu moja, dd zote kapu jingine, nikazifunga kwa zip, amri ya Python inayounganisha cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili. Mistari 30 tu! Nikawarushia na wenzangu wanne, bure, huku nikisubiri sifa.

Anki ikawa inanipa maneno mapya 20 kwa siku. Nilikariri kwenye mwendokasi, nilikariri bafuni. Wiki ya tano nilikuwa sikosei hata moja.

Ikaja siku ya mazoezi ya kuongea. Mwalimu akaniuliza kwa Kijerumani asubuhi nakula nini. Nikavuta pumzi, nikatema:

"Ich esse Bruder und zwei Eltern. Ich trinke Kind mit Mutter."

Mwalimu akavua miwani.

"Beide Eltern?"

"Ja! Zwei!" nikasema, nikimwonyesha na vidole, asije akadhani nabana matumizi.

Akahamia kwenye familia. Hapo ndipo nilipojiamini zaidi. Nikamwambia nina Bücher wawili, mmoja anaishi Mwanza na ana mke.

"Baba," akasema Mwalimu, sasa kwa Kiswahili, na taratibu kama anayeongea na mgonjwa, "umesema kila asubuhi unamla kaka yako na wazazi wote wawili, unashushia kwa mtoto aliyechanganywa na mama. Halafu una vitabu viwili, kimoja kimeoa."

Darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa watu wanne. Dada mmoja wa nyuma akainua mkono polepole.

"Samahani, Mwalimu. Kwani Bruder si mkate?"

Sikuweza hata kugeuka kumwangalia.

Usiku nikafungua kodi. Mchawi alikuwa neno Bank. Kwa Kijerumani Bank ni benki, na pia ni benchi, kwa hiyo ukurasa uliliwekea dd mbili. Kapu la maana likazidi kapu la maneno kwa moja. Zip ya Python ni kama zipu ya suruali: jino moja likiruka, yote yanayofuata yanakwenda upande, na inafunga tu kama vile hakuna kilichotokea. Barua ikawa benchi, miwani ikawa barua, mkate ukawa miwani, kaka akawa mkate, kitabu kikawa kaka. Maana ya mwisho ikabaki nje bila mwenyewe, na zip haikupiga hata kelele. Tangu toleo la Python 3.10 zip ina sharti la strict=True, makapu yalingane, ambalo ingenigomea palepale. Sikuliweka. Niliona linachelewesha.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi: kila dt ichukue dd zake zinazoifuata, hata zikiwa tatu. Nikasahihisha kadi zote, nikaketi na chai nianze kujifunza upya.

Anki haikuniletea hata moja kati ya zile nilizokwisha kukariri. Maana nilibadilisha, lakini ratiba ilibaki ileile, na kwa hesabu yake mimi maneno yale nayajua kabisa, nisisumbuliwe. Nikaitafuta kadi ya Bruder nione itarudi lini.

Baada ya siku 40. Arobaini kamili, kama ya marehemu niliyemla mwenyewe.