Nenosiri la Domeni Nzima Halisomwi kwenye Simu

Nililikuta nenosiri la msimamizi mkuu wa domeni, yaani mtandao wa taasisi ambao kompyuta na akaunti zote za watumishi husimamiwa kutoka makao makuu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya ukurasa wa kalenda ya mezani, katika ofisi ya tawi moja mjini Sumbawanga, pembeni ya namba ya fundi wa jenereta na hesabu ya chai ya wiki. Karani wa masjala aliyeliandika hakuwa na kosa lolote. Afisa TEHAMA wa makao makuu alimpigia simu akamwambia, "Dada, chukua kalamu uandike, na usikosee herufi kubwa," naye akaandika kama alivyoambiwa, kwa kuwa kompyuta mpya ilikuwa imekaa mezani siku nne ikikataa kujiunga na domeni, huku barua zikirundikana.

Kazi ya kuunganisha kompyuta za mikoani na domeni iliyo mbali nimeifanya kwa miaka mingi, na jambo hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kulinyamazia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nenosiri lile halikuhitajika hata kidogo. Kompyuta ilikuwa ikisema haiioni domeni. Haikusema popote kwamba mtumiaji hana ruhusa. Aliyefunga ruta alikuwa ameiwekea anwani ya DNS (huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani za mtandao) ya 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, na huko hakuna anayelijua jina la domeni ya ndani ya taasisi. Active Directory, mfumo wa Microsoft unaoendesha domeni, inaitegemea DNS tangu ilipotoka na Windows 2000: kompyuta inayotaka kujiunga huanza kwa kuuliza ni seva ipi inayoisimamia domeni, na jibu la swali hilo linapatikana kwenye DNS ya ndani peke yake. VPN, njia salama inayounganisha tawi na makao makuu kupitia intaneti, ilikuwa inafanya kazi vizuri muda wote. Niliiondoa anwani ile, nikaweka ya seva ya makao makuu, nikaitazama na saa ya kompyuta, maana Kerberos, utaratibu wa domeni wa kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, na mashine ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Domeni ikaonekana papo hapo.

Kwa hiyo ufunguo wa nyumba nzima ulitolewa ili kufungua mlango ambao haukuwa umefungwa.

Naomba tuelewane juu ya ukubwa wa ufunguo huo. Mwenye akaunti ya msimamizi mkuu anaweza kubadilisha nenosiri la mtumishi yeyote, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, kuingia kwenye kila kompyuta iliyojiunga, na kufungua majalada ya mishahara na ya nidhamu. Tena aliyepewa nenosiri hilo mara nyingi haishii kuliandika kwenye dirisha la kujiunga. Huingia nalo kabisa kwenye mashine ya tawi ili aweke printa na programu, na hapo siri hubaki kwenye kumbukumbu ya mashine hiyo, mahali ambapo programu kama Mimikatz, inayojulikana tangu 2011, inaweza kuichukua. Kompyuta moja ya masjala iliyopata kirusi kutoka kwenye flashi ya mgeni inatosha kuiangusha taasisi nzima.

Hayo yamekwisha kutokea, na bara letu limo ndani ya kisa chenyewe. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianzia kwenye masasisho ya programu ya uhasibu nchini Ukraine, kikasambaa kwa kutumia udhaifu wa Windows pamoja na siri za watumiaji kilizoziiba kwenye kumbukumbu za mashine. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza seva zake za domeni duniani kote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa imezimika. Intaneti ya huko haikutosha kuyasafirisha yaliyomo kwa wakati, hivyo diski ikabebwa kwa mkono kupitia Nigeria hadi Uingereza. Kampuni ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Kila ninapokikumbuka kisa hicho huwaza taasisi zetu, ambazo hazina mafundi wa kuita kutoka pande zote za dunia, wala uhakika kwamba umeme utakatika kwa wakati unaofaa.

Njia nyingine zipo, na hazigharimu shilingi. Makao makuu wanaweza kutengeneza akaunti ya kompyuta mapema na kumtaja mtu wa tawi anayeruhusiwa kuiunganisha kwa akaunti yake ya kawaida. Ndivyo tulivyomaliza kazi Sumbawanga. Wanaweza pia kukipa kikundi kidogo ruhusa ya kuunganisha kompyuta kwenye sehemu moja tu ya domeni. Tangu Windows 7 kuna amri ya djoin, inayomwezesha afisa wa makao makuu kuandaa faili la mashine moja na kulituma tawini, likawekwa hata kama VPN haipatikani saa hiyo. Faili hilo nalo lina siri ndani yake na lilindwe, lakini siri hiyo ni ya kompyuta moja. Mtumishi atahitaji kuifikia domeni atakapoingia mara ya kwanza, kwa hiyo VPN iandaliwe iwake kabla ya kuingia.

Wengi hawajui kwamba Active Directory ikiachwa ilivyo humruhusu mtumiaji yeyote wa kawaida kuunganisha hadi kompyuta 10. Mimi hushauri idadi hiyo ishushwe hadi 0 na ruhusa itolewe kwa wachache, lakini iwapo haijashushwa, basi anayedai kwamba bila akaunti kuu haiwezekani hajaisoma domeni yake mwenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maafisa wa makao makuu ni wachache, matawi ni mengi, na mkuu wa tawi akipiga simu mara ya tatu kwa siku mtu hutafuta njia ya mkato. Nakubali pia kwamba masasisho ya Windows ya Oktoba 2022 yalileta ukaguzi wa nani aliyeitengeneza akaunti ya kompyuta kabla haijatumika tena, na ukaguzi huo uliwasukuma wengine kukimbilia akaunti kuu. Hata hivyo dakika alizotumia afisa yule kusoma herufi moja moja kwenye simu zingetosha kabisa kuiandaa akaunti ya mashine ile.

Karani aliuchana ukurasa ule wa kalenda mbele yangu na kuuchoma, akaniuliza kama angepata matatizo kazini, swali ambalo hakustahili kuwa nalo moyoni. Siku hiyohiyo niliandika makao makuu kuomba nenosiri libadilishwe. Hadi ninapoandika haya halijabadilishwa, na jana nimetuma barua ya pili.