Taja Kwanza Kasoro ya Sauti, Ndipo Ufungue Plagini

Mwaka jana alinijia kijana mmoja kutoka Ukerewe. Alishuka kwenye meli ya Nansio, akachukua bodaboda hadi kwangu Mabatini, hapa Mwanza, na hakutaka hata chai kabla ya kurekodi. Ninaposema studio, namaanisha chumba cha futi kumi kwa kumi, tofali za saruji, bati juu, laptopu, saundi kadi ndogo (kiunganishi cha maiki na laptopu) na maiki moja ya kondensa, aina nyeti ya studio. Alikuwa ametunga wimbo wa kumshukuru mama yake. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo mwembamba, na kila alipofika mwisho wa mstari aliiachia ishuke taratibu kama mtu anayeketi. Nilimrekodi mara nne, nikachagua ya tatu. Kisha nikaiharibu.

Niliiharibu kwa plagini tisa, yaani vijiprogramu vya kurekebisha sauti ndani ya laptopu. Nilikuwa nimetazama video ya fundi mmoja wa Marekani akionyesha mpangilio wake, nami nikaunakili vilevile, namba kwa namba. Wiki mbili baadaye kijana alinipigia: "Kaka, mama ameusikia. Ameuliza ni nani ameimba." Hakuwa ananilaumu, alidhani ndivyo kazi ya studio inavyokuwa. Mimi sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, na nautetea mbele ya prodyuza yeyote wa Mwanza: usifungue plagini kabla hujaitaja kasoro kwa maneno ya kawaida kabisa. Inavuma. S zinachoma. Kiitikio kinapasua masikio na ubeti hausikiki. Noti ya mwisho imeshuka. Ukishindwa kuitaja, hakuna cha kutibu, na kila utakachoongeza kitaondoa kitu kwa mwenye sauti.

Na kasoro kubwa ya studio zetu wala haitoki kooni. Inatoka chumbani. Pima chumba cha kumi kwa kumi: ni kama mita tatu na ushee kila upande. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili zinazotazamana wimbi linajikuta likisimama na kuvuma kwenye hezi 56, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, na tena kwenye 112. Hiyo 112 imekaa palepale sauti ya mwanaume inapoanzia. Ndiyo maana kila mwanaume anayerekodi chumbani kwangu alikuwa anatoka kama anaimbia ndani ya pipa, nami nikadhani ni maiki. Ikwalaiza, plagini ya kupunguza au kuongeza sehemu za chini, kati na juu za sauti, inaweza kupunguza mvumo huo. Mwangwi wa ukuta wa saruji, ule unaosikika kama makofi mafupi nyuma ya maneno, ikwalaiza haiutoi. Umeshaingia ndani ya sauti.

Godoro linauzuia kabla haujaingia. Ila wengi tunaliweka mahali pasipofaa, nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kondensa tunazotumia husikia mbele na kuziba nyuma, kwa hiyo kinachoingia ni kile kilicho nyuma ya mwimbaji. Simamisha godoro mgongoni mwake, tundika mablanketi mazito pembeni, msogeze mbali na kona. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilifuta plagini tatu bila kufikiri mara mbili. Mvua ikianza kupiga bati tunasubiri. Hakuna programu ninayoiamini kuutoa mlio wa mvua ya Mwanza kwenye sauti ya mtu na kumwacha mtu akiwa mzima.

Baada ya hapo kazi inakuwa nyepesi. Ikwalaiza: nakata kila kilicho chini ya hezi 80 au 90, maana huko kuna muungurumo wa malori ya barabarani na feni ya jirani, si uimbaji. Natafuta mvumo wa pipa kwenye ile 112, na msongamano kati ya 200 na 500, navishusha kidogo. Kuongeza juu ili sauti ing'ae naacha hadi mwisho, na mara nyingi naona haikuhitajika.

Kwenye kompresa, plagini inayoshusha sauti inapopanda mno, nitakaa kidogo, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa kwaya. Mtu aliyezoea kuimba kanisani, mbele ya watu mia tatu, maiki moja ikigawanywa na sauti ya kwanza yote, ana nguvu ambayo priseti ya kompresa, yaani mpangilio uliokuja tayari, haikuitarajia. Ubeti anauimba kwa upole, akifika kwenye kiitikio anafungua kifua chote. Ukimwekea kompresa moja kali imshike kote, kiitikio kinabanwa hadi kinakosa furaha, na pumzi zake kwenye ubeti zinapanda kama za mtu anayekimbia. Mimi nashusha na kupandisha kwa mkono kwanza. Nakata wimbo vipande, mstari kwa mstari, naweka kila kipande kwenye kiwango chake. Inachukua nusu saa. Kisha kompresa ya nne kwa moja, yaani sauti ikipita mpaka ulioweka kwa desibeli nane, zinazotoka ni mbili, na naiacha ipunguze desibeli tatu au nne tu. Isishike haraka mno, la sivyo inakula mwanzo wa maneno, na mwimbaji wa kwaya anatamka mwanzo wa neno kwa makusudi.

Watu wananiuliza kama wanunue plagini zinazoiga kompresa za kale, zile za LA-2A au 1176 iliyotoka mwaka 1967. Ni nzuri. Lakini kompresa iliyokuja na programu yako inafanya hesabu ileile ya nne kwa moja, na mtu wa Buhongwa anayesikiliza kwa simu hatajua tofauti. Atajua kama maneno hayasikiki.

Diesa, plagini ya kupoza S zinazochoma, ni fupi: Kiswahili kina "sasa", "siwezi", "nisamehe", "asante Yesu". Tafuta kati ya kilohezi 5 na 8, yaani hezi 5,000 na 8,000, shusha pale panapochoma tu. Ukizidisha, mwimbaji anapata kithembe.

Sasa otochuni, plagini ya kunyoosha noti zilizokosewa, ambayo ndiyo inayonikera zaidi. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Ni chombo cha ajabu na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kukiwasha kabla ya kuuliza ufunguo wa wimbo, yaani noti ambazo wimbo huo unazitumia. Kikiachwa kwenye noti zote kumi na mbili, mwimbaji aliyeshuka kidogo zaidi ya nusu ya umbali wa kutoka noti hadi noti inayofuata anavutwa kwenye noti ya jirani, na kosa dogo linakuwa kosa kubwa lililonyooka. Weka ufunguo. Weka mwendo wa polepole wa kuvuta noti, milisekunde 30 hadi 50, kama unataka isisikike. Na kama ni noti mbili tu zilizopotea, rekebisha hizo mbili kwa mkono, au mwombe aimbe tena. Yuko hapo hapo.

Kwa nyimbo za Kisukuma naomba tuwe waangalifu mara mbili. Kisukuma, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mwimbaji anayeteleza kutoka noti hadi noti hajakosea, anatamka. Nimewahi kusikia kazi zilizotoka hapa hapa mjini ambamo mitelezo yote imegeuzwa ngazi, na mzee aliyeketi nami akaniambia anasikia Kisukuma cha mtu aliyejifunza juzi. Sauti zinazojaza viwanja vya Bujora kila msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, hazistahili kufanyiwa hivyo na sisi tuliokulia tukizisikia.

Riverbu, plagini inayoipa sauti mwangwi wa ukumbi, nayo ina jambo ambalo sijaona likisemwa. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Ninakupenda, nitarudi, mwanzoni, kwako. Riverbu ndefu ya ukumbi, ya sekunde mbili na nusu, inaishika ile "a" na kuivuta juu ya neno linalofuata, na baada ya mistari miwili wimbo unakuwa irabu tupu. Kiingereza kinavumilia kwa sababu maneno mengi yanajifunga kwa konsonanti. Priseti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Mimi nabaki kwenye sekunde moja, moja na robo, naichelewesha milisekunde 30 au 40 ili neno litoke kavu kwanza, na nakata uzito wake wote wa chini. Nikitaka ukubwa natumia dilei, inayorudia neno baada ya muda mfupi, kwenye mwisho wa mstari peke yake. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kila pigo, basi 300 inakaa sawa na ngoma.

Kuhusu bei, naomba tuache kuzungushiana flashi zenye mafolda ya plagini za wizi. Laptopu yangu iliwahi kuharibika na kazi za watu wanne ndani kwa sababu ya folda kama hiyo, na nililazimika kuwaita mmoja mmoja kuwaeleza. TDR Nova ni ya bure na inafanya kazi ya ikwalaiza na diesa pamoja. MAutoPitch, ya kurekebisha noti, ni ya bure. Valhalla Supermassive, ya riverbu na dilei, ni ya bure, ingawa kwa sauti kuu ya wimbo ni kubwa mno. Reaper, programu ya kurekodia, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, ikija na ikwalaiza, kompresa na kirekebisha noti chake. Kwa bando la usiku unavishusha vyote.

Yule kijana wa Ukerewe alirudi mwezi wa tatu. Nilimwomba msamaha, nikamwomba tuurudie wimbo bila malipo. Godoro mgongoni, mablanketi pembeni. Safari hii nilimwekea riverbu nyingi kwenye hedifoni, kwake tu, haikurekodiwa. Mtu akijisikia kavu hubana koo, akijisikia yuko mahali pakubwa huachia. Baada ya ubeti wa kwanza alifumba macho akaniashiria kwa kidole: ongeza. Nikaongeza.