Siku Nilipomfua Bi Harusi

Mke wangu alipoondoka alfajiri ya Ijumaa kwenda msibani Korogwe, aliniachia mtoto wetu wa kike mwenye umri wa miaka miwili na miezi tisa, kilo mbili za unga wa ngano, na agizo moja tu: nisibuni jambo lolote. Agizo hilo nililisikia vizuri, kwa sababu alilitoa tukiwa chumbani, akalirudia barazani, kisha akalitoa kwa mara ya tatu akiwa ameketi ndani ya bajaji, huku dereva akinitazama kwa huruma.

Kilichoniponza ni kwamba mimi hujiamini mno katika malezi. Gari la kwanza la mwanangu nililiunda kwa dumu la mafuta ya kula la lita tano, na magurudumu yake niliyachonga kutoka kwenye ndala, ambazo baadaye niligundua kwamba zilikuwa bado zinavaliwa. Kayamba lake ni chupa ya maji niliyoitia mahindi. Mwanasesere wake nilimshona kwa soksi, na wageni wote husema anafanana na shemeji yangu. Upande wa dawa za nyumbani ndiko niliko hodari zaidi: maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha ninayajua kwa moyo, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, ninajua pia kwamba asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mtu mwenye hazina kama hiyo kichwani haambiwi asibuni.

Jumamosi ilikuwa siku ya joto la Tanga la mwezi wa Februari, lile linalomfanya mtu aoge na kuanza kutoka jasho kabla hajajifuta. Mwanangu alikuwa ameota vipele vya joto shingoni na mgongoni. Dawa ya vipele hivyo ni maji ya baridi na nguo nyepesi, na hilo nililijua, lakini maji ya baridi hayana heshima ya kitabibu. Mtu akiulizwa alimtibu mtoto kwa nini, hawezi kujibu kwamba alimtibu kwa maji. Bibi zetu wa pwani wangempaka liwa. Liwa haikuwapo nyumbani, ila dukani palikuwa na manjano, nami nikajiambia kwamba manjano na liwa ni ndugu, kwa kuwa vyote viwili nimewahi kuviona kwenye ngozi ya bi harusi.

Nilinunua manjano kwa kipimo cha mtu asiyepika. Sehemu ndogo niliichanganya na mafuta ya nazi katika bakuli, ikawa rojo zito la kupaka. Iliyobaki ilinipa wazo la pili, nalo ndilo lililokuwa limekatazwa waziwazi: kumtengenezea mtoto udongo wa kuchezea. Nilichukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kizima cha chumvi, mafuta kidogo na maji kiasi, nikakanda mpaka mikono ikauma. Chumvi nyingi huufanya unga huo usiharibike upesi, na pia humfanya mtoto autamani mara moja tu katika maisha yake. Mwanangu aliuonja, akakunja uso, akautema mkononi mwangu kwa adabu. Donge nikaligawa mara mbili. Nusu moja nikaitia manjano, na nusu nyingine nikaiacha nyeupe, nikaifunika kwa sahani juu ya kabati la jikoni, nikikusudia kuitia rangi nyingine siku ya pili. Tafadhali msomaji ikumbuke sahani hiyo.

Nilimtandikia mtoto mkeka sebuleni, nikampa donge lake la njano, nami nikaketi mezani kusahihisha mitihani ya Kidato cha Pili, maana mimi ni mwalimu wa sekondari. Bakuli la dawa nililiweka sakafuni, karibu na mkeka, ili nimpake baada ya kumaliza rundo. Kwa takriban robo saa nyumba ilikuwa kimya kabisa, na mimi, badala ya kuingiwa na hofu kama mzazi yeyote mwenye akili, nilijipongeza.

“Baba,” ikasema sauti nyuma yangu, “mimi bi alusi.”

Niligeuka. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumehudhuria harusi ya binamu ya mama yake, na mtoto huyu alipenyezwa chumbani alimokuwa akisingwa bi harusi, akashuhudia kila kitu. Sasa alikuwa amevua nguo zote na kujisinga mwenyewe kuanzia kipaji cha uso hadi vidole vya miguu, masikio yakiwamo, kitovu kikiwa kimejazwa na kusawazishwa kama shimo la ukutani linavyozibwa na fundi. Bakuli lilikuwa jeupe ndani, kana kwamba limelambwa. Alikuwa akinitazama kwa haya, amejifunika uso kwa viganja viwili, akisubiri vigelegele.

Nilitakiwa kupiga vigelegele, kumpiga picha, kisha kumfuta taratibu kwa mafuta ya nazi na kitambaa laini, kwa sababu rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Nilichofanya ni kumbeba mkono mmoja kama mtu abebaye samaki, nikampeleka uani, nikamsimamisha ndani ya beseni na kuchukua sabuni ya mche iliyokuwa kando ya karo. Ilikuwa sabuni ya kufulia, ile ngumu inayouzwa kwa kukatwa vipande, na niliichagua kwa makusudi, kwa kuwa niliona kwamba kazi yenyewe imeshatoka katika daraja la kuoga na kuingia katika daraja la kufua.

Niliisugua sabuni mgongoni mwake. Povu likatoka jeupe, halafu likawa la rangi ya machungwa. Halafu, mbele ya macho yangu, pale nilipokuwa nimepitisha mkono pakawa pekundu. Si wekundu wa haya wala wa kuchubuka, bali wekundu wa buchani. Nikadhani nimemchuna ngozi. Kwa hofu nikasugua zaidi ili nione jeraha liko wapi, na kadiri nilivyosugua ndivyo wekundu ulivyoenea, ukashuka kiunoni, ukatiririka mapajani, ukajaa ndani ya beseni. Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Fulana yangu nyeupe ilikuwa na alama za viganja vidogo vyekundu. Wakati huo huo povu likamwingia machoni, naye akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tangu siku ya chanjo.

Jirani yetu wa ua wa pili, mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, alichungulia juu ya ukuta. Alichokiona ni mwanamume aliyepiga magoti, mikono yote miwili imelowa wekundu, amemshika mtoto mwekundu anayelia.

“Uwiii!” akasema Shangazi. “Jamani, njooni! Mwalimu kachinja!”

Ngamiani hatuishi mbalimbali. Kabla sijainuka, ua ulikuwa na watu kumi na zaidi, na kila mmoja alikuja na dawa yake mdomoni. Mmoja alitaka jeraha lizibwe kwa sukari, mwingine kwa majani ya chai, kijana wa duka akaapa kwamba dawa ya meno hukata damu mara moja, na mzee mmoja akaagiza yatafutwe majivu ya moto. Nilitamani kuwaeleza kwamba hakuna jeraha, lakini mtu mwenye mikono ya aina ile hasikilizwi. Shangazi alimpokonya mtoto, akamviringisha ndani ya kanga yake pamoja na povu lote, na hata katika kiwewe kile niliweza kuusoma upindo wake: *Mdhaniaye ndiye siye*. Nilijaribu kumwonyesha Shangazi maneno hayo. Hakuwa na nafasi ya kusoma.

Tulikwenda zahanati kwa bodaboda, dereva mbele, Shangazi na mtoto katikati, mimi nyuma kabisa nimekalia chuma, mishikaki kamili. Njiani mtoto aliacha kulia, kwa kuwa anapenda pikipiki, akaanza kuwapungia watu mkono wake mwekundu.

Muuguzi wa zamu alitupokea kwa haraka na kumlaza mtoto kitandani. Akaifungua kanga, akachukua maji safi na pamba, akaanza kusafisha ili aone mahali pa kushona. Kila aliposafisha, wekundu ulitoweka na manjano yakarudi. Akasimama. Akasafisha mguu wa pili, nao ukawa wa njano. Akamfunua mtoto kope la chini la jicho, akalitazama kwa muda, akafunua na la pili, kisha akanigeukia.

“Baba, mtoto mwenye manjano ya ini huanza kuonekana machoni, na huyu macho yake ni meupe kama maziwa.” Akainama, akanusa bega la mwanangu. “Halafu ananukia pilau.”

Nilieleza. Nilieleza yote, kuanzia vipele hadi bi harusi, na kila nilipoendelea ndivyo Shangazi alivyozidi kujitenga nami, mpaka akawa amesimama upande wa muuguzi.

“Na wewe ni mwalimu?” akauliza muuguzi.

“Ndiyo.”

“Unafundisha somo gani?”

Ninataka ieleweke kwamba sikupanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe.

“Historia,” nikajibu.

Nyuma ya pazia akachomoza binti mmoja aliyevaa sare za wanafunzi wa uuguzi, ameshika trei, uso umejaa furaha. “Shikamoo, mwalimu!” akasema. “Dada, huyu ndiye aliyetufundisha kemia!”

Hakuishia hapo, kwa maana alikuwa mwanafunzi mzuri, na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe asiishie njiani. Alimkumbusha muuguzi, na zahanati yote ikasikia, kwamba katika Kidato cha Pili niliwatuma waje na manjano na majivu kutoka nyumbani, nikawaonyesha kwamba manjano ni kiashiria, kwamba yakikutana na besi kama vile sabuni ya kufulia au maji ya majivu hugeuka mekundu, na yakikutana na asidi hurudi kuwa ya njano. Ili kuthibitisha, alikwenda kuchukua nusu ya ndimu iliyobaki kwenye chakula chao cha mchana, akanikamulia matone kwenye mkono wangu wa kulia ambao ulikuwa bado mwekundu. Palipodondoka ndimu pakawa na madoa ya njano, mviringo kabisa, mazuri sana. Mwanangu akapiga makofi na kuomba apakwe na yeye.

“Mwalimu alikuwa akituambia,” binti akamalizia kwa heshima, “kwamba mtu akiisahau kemia, kemia haimsahau.”

Sikumbuki kusema maneno hayo, lakini yana sauti yangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Shangazi akiwa ametutangulia hatua ishirini hivi, ili simulizi ifike kabla yetu. Mitihani ilikuwa pale pale mezani. Karatasi ya juu, ambayo nilikuwa nimeisahihisha dakika chache kabla ya bi harusi kujitokeza, ilikuwa na swali la kutaja viashiria viwili vya asili. Mtahiniwa alikuwa ameandika manjano, nami nilikuwa nimemwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika “Safi sana.”

Mke wangu alirejea Jumapili adhuhuri akiwa na mama yake. Mtoto alikuwa bado wa njano, ingawa kwa kiwango cha embe linaloanza kuiva, nami nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi ambayo hayakuhitajika, kwani Shangazi alikuwa amewapokea tangu kona ya barabara. Mke wangu hakusema neno. Alimbeba mtoto, akamtazama mbele na nyuma kama mtu anayekagua kitenge kilichochuja, kisha akaingia ndani kumwogesha. Mama mkwe, ambaye hapendi ugomvi na ambaye nadhani alinionea huruma, alisema apumzishe watu kwa kutayarisha chai, akaelekea jikoni.

Nilibaki barazani nikijitahidi kuonekana ninasahihisha. Baada ya muda nikasikia chuma kikiwekwa jikoni, na harufu tamu ya mafuta ikatoka.

Mama mkwe akaja na sinia. Mbele yangu aliweka kikombe cha chai na chapati mbili za moto, nyeupe, zenye madoa ya kahawia, akaniambia kwamba amekuta donge limekwisha kukandwa na kufunikwa kwa sahani juu ya kabati, na kwamba si wanaume wengi wanaowakumbuka wageni kwa namna hiyo. Kisha akaketi mkabala nami, kwa kuwa alitaka mkwewe awe wa kwanza kuonja.

Nilikata kipande. Nikatafuna, nikameza, macho yakanitoka machozi, nikashika kikombe.

“Vipi, mkwe,” akaniuliza kwa upole, “chumvi imekolea?”

“Imekolea, mama,” nikasema, nikakata kipande cha pili.