Gari langu la kwanza halikujua kurudi nyuma

Kabla ya kununua gari langu la kwanza mimi nilisoma jamani. Nilisoma kuliko nilivyosomea mtihani wowote maishani. Wiki tatu nzima usiku niko macho naangalia video za watu wananusa oili, nikachukua daftari nikapiga mstari katikati kwa rula, upande huu MAKUBWA upande huu MADOGO, mpango ni kwamba nikikuta makubwa naondoka zangu, madogo nayatumia kumkaba muuzaji kwenye bei mpaka aombe poo.

Muuzaji mwenyewe mzee mmoja mpole balaa, wale ambao akishakuita "mwanangu" unaona aibu hata kuomba punguzo. Nikamtokea asubuhi bila taarifa, maana gari la mkononi lazima ulikute injini imepoa, ukikuta mtu ameshaliwasha na kulipasha moto jua huenda likiwa baridi lina mambo yake. Nikaweka kiganja kwenye boneti kama napima mtoto homa. Baridi. Nikafungua kifuniko cha oili nikachungulia kama kuna ule uteute wa rangi ya maziwa, ukiuona jua maji yameshakutana na oili na hapo ni kuaga tu. Hakuna. Nikawasha, nikakimbia nyuma kwenye ekzosi kuangalia moshi, wa bluu oili inaungua, mweusi petroli inazidi, mweupe usioisha hata injini ikichemka maji yanaingia pasipotakiwa. Hakuna hata wa dawa. Nikakaa nimeinama pale mpaka mzee akauliza, "Mwanangu, umeangusha kitu?"

Nikatoa sumaku ya kwenye friji. Ujanja wake ni kuitembeza kwenye bodi, mahali isipong'ang'ania jua chini kuna puti ya kuzibia palipogongwa, sio bati. Milango yote ikang'ang'ania vizuri, nafika nyuma sumaku ikadondoka pu! Nikaruka, "Mzee hapa pamepigwa puti!" Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Hiyo bampa, mwanangu. Ni plastiki."

Sawa. Tukahamia kwenye madogo sasa, huko ndo nilipiga mpira wangu. Mkwaruzo mlango wa nyuma kulia, urefu wa kalamu, nikaupima. Kishikilia kikombe kimevunjika. Kioo cha nyuma kushoto hakipandi mpaka ukisaidie kwa mkono. Tairi la akiba nikasoma zile namba nne za mwisho ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka, nikakuta lile tairi lina umri wa mtoto wa shule, nikaandika. Namba 9 nikaandika "gea inachezacheza", maana ile lever ilikuwa inaogelea kama kijiko kwenye bakuli tupu. Nikafikiria kidogo pale. Nikaona aah, ni uzee tu, madogo hayo.

Tukaenda kulijaribu. Gari lilikuwa limepakiwa uso barabarani kabisa, tukatoka moja kwa moja, tukazunguka mtaa, kulia, kulia, kulia, tukarudi palepale. Breki safi, usukani hauvuti upande, klachi laini. Mzee akapigapiga dashibodi akasema kwa sauti ya taratibu, "Hii gari mwanangu hairudi nyuma hii. Hii ni mbele kwa mbele."

Mimi nikajibu AMINA. Nikajua ananibariki!

Kisha nikamganda karibu saa nzima kwa ajili ya mkwaruzo. Mkwaruzo! Na alipunguza, tena bila kubisha sana, kitu ambacho mtu mwenye akili angejiuliza.

Nikafika nyumbani napiga honi getini, mke wangu katoka, majirani wametoka, nikaingiza gari uani pua ikatazama ukuta, tukapiga picha, nikalala nikiwa mtu mwenye gari. Asubuhi naingia, klachi, rivasi, naachia taratibu, gari likasogea mbele. Eh. Nikarudia. Likasogea mbele tena. Kumbe lever naipeleka rivasi yenyewe inaingia namba moja, jaribio la tatu bampa ikabusu ukuta na mke wangu kwenye dirisha akauliza kama huko kazini naenda kwa kupitia jikoni.

Nikampigia mzee. Akasikiliza mpaka mwisho, hana haraka. "Mwanangu," akasema, "si nilikwambia?"

Wiki mbili hizo nimeishi maisha ya mbele tu. Natafuta maegesho kama mtu anacheza drafti, nafikiria hatua nne mbele nitatokaje. Nikikuta kilima nalipaki pua juu ili kuondoka niachie breki tu mteremko unirudishe. Asubuhi uani vijana wa jirani washazoea, wakisikia mlango wa gari wanakuja wenyewe, wawili boneti kulia wawili kushoto, "baba mdogo anatoka, haya moja mbili!" Na mimi ndani nazungusha usukani kwa heshima zote.

Nikaenda kwa fundi roho mkononi, najua gea boksi imekufa. Akaingia chini, akatoka na kidude cha plastiki kimepasuka, hakifiki hata ncha ya kidole. Bushi. Ile inayoshika mkono wa gea, ikiisha lever inacheza na haifiki inakotakiwa. Akaniuliza, "Kwani hukuona gea inachezacheza?" Nikamwambia niliona. Niliandika kabisa.

Akaweka mpya, kazi fupi mpaka nikaona aibu kwa zile wiki mbili. Nikarudi nyumbani nikaingiza pua ukutani kwa makusudi. Kesho yake vijana wakaja kama kawaida, nikashusha kioo, "Leo kaeni pembeni." Rivasi ikaingia mwaa, gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, wale watoto wakashangilia, mke wangu mlangoni anapiga makofi, na mimi nikawa nawaangalia wao nawapungia mkono badala ya kuangalia kioo cha pembeni, nikakata kona ya geti mapema.

Ule mkwaruzo wa mlango wa nyuma kulia siuoni tena. Uko mahali fulani ndani ya huu mpya.