Kila fundi ni "gesi imeisha"
Joto la Kisumu la saa nane mchana, kiyoyozi kinapuliza hewa vuguvugu, na fundi hata kifuniko hajafungua ameshasema, "Gesi imeisha." Imeisha vipi? Huu si mtungi wa kupikia! Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Tafuta tundu, uzibe, ndipo ujaze. Mimi nimejaziwa mara mbili tangu Januari, bila kupimiwa hata mara moja. Juzi nikafungua mwenyewe: kichujio kimefunikwa na vumbi zito kama blanketi, na nyuma yake barafu imeshika mabomba. Nikazima mashine barafu iyeyuke, nikaosha kichujio, nikakianika kivulini. Usiku huo tulijifunika shuka. Sasa pesa zangu za gesi nani atanirudishia?