Damu ya upande wa mama? Acheni hizo

Juzi nilikuwa Mbagala kwa baba mdogo, mtoto wake wa miaka tisa katoka kulazwa mara ya tatu mwaka huu, sikoseli hiyo, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kama kawaida shangazi kaanza wimbo wake, "huu ugonjwa kwetu haukuwepo, umekuja na damu ya mama yake." Mama mdogo kimya, anamkanda mwanae miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. Uvumilivu ukanishinda.

Kuna jamaa anaitwa Anthony Allison, kazaliwa Afrika Kusini 1925 ila kakulia Kenya, na mi naona huyu alitakiwa atajwe kliniki kila siku. Mwaka 1949 akiwa kijana anasomea Oxford alikuja na msafara wa Mlima Kenya, wenzie wanakusanya mimea na wadudu yeye anapita anatoa watu damu. Akakuta maajabu, pwani na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 kwenye kila 100 wamebeba kinasaba cha sikoseli (kile kipande cha urithi unachopewa na mzazi), afu ukipanda kule juu kwenye baridi hafiki hata mmoja. Sasa huku chini kuna nini ambacho kule hakipo? Mbu.

Yani ukirithi kwa mzazi mmoja tu huumwi sikoseli, na malaria kali mara nyingi inakukwepa, ndo maana enzi hizo hakuna dawa wala neti watoto wa hivo walipona wakakua wakazaa na kinasaba kikabaki kwenye ukoo. Shida ni ukirithi kwa wote wawili, hapo ndo unaumwa, na wazazi wakiwa wabebaji wote basi kila mimba ni bahati nasibu ya moja kati ya nne. Kwa hiyo bila baba hakuna sikoseli hapo, shangazi alikuwa anausema ukoo wake mwenyewe.

Ila kuna sehemu kwenye hii stori inanikera. Kuthibitisha, Allison aliwapa malaria makusudi wanaume 30 wa Kijaluo, nusu wabebaji nusu sio. Matokeo akayatoa 1954: wasiobeba 14 kati ya 15 walipata vijidudu, wabebaji wawili tu. Walitibiwa sawa, lakini leo nani angekuruhusu ufanye vile? Yeye yupo kwenye vitabu vya dunia nzima mpaka kafariki 2014, wale 30 hakuna anayewataja. Na sisi wenye hiyo damu bado tunakimbilia kwa mganga! Afadhali Muhimbili kina Profesa Julie Makani wanawafuatilia wagonjwa wa sikoseli kwa maelfu tangu 2004.

Basi nikawaeleza pale sebuleni, kwa mkato. Shangazi akatulia, akamwangalia baba mdogo.

"Kwa hiyo hata huyu anacho?"

"Anacho. Na huenda na wewe shangazi, huenda hata mimi."

Akachukua mtandio wake, akasema anawahi daladala.